Tani ya Nini? Kupima Ujazo, Tungamo na Nguvu Unapobuni Chombo cha Mchezo wa Bunilizi ya Sayansi

Karatasi ya chombo imeandikwa "tani 100". Mchezaji anauliza: kreni ya bandarini inayonyanyua tani 100 itakiweza? Mwendesha mchezo akijibu ndiyo, huenda amekosea kwa mara kumi. Katika Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa na kampuni ya GDW mwaka 1977, tani ya meli ya anga inahesabiwa kwa nafasi na wala si kwa mizani: ni ujazo wa meta za ujazo 14. Meli ya "tani 100" ina m³ 1,400, na ikishajazwa mitambo, mafuta na deraya inaweza kufika tani 1,000 za mizani.

Kosa hili ndilo linaloharibu karatasi nyingi za magari na meli za kubuni. Dawa yake ni kushika daftari tatu: moja ya ujazo, moja ya tungamo, moja ya nguvu. Kila kifaa kinaandikwa katika zote tatu, na hakuna namba inayoruhusiwa kuhama daftari bila kupita kwenye densiti (tungamo gawanya kwa ujazo) au muda.

Maneno kwanza. Tungamo ni wingi wa maada, kwa kilo au tani, na halibadiliki hata chombo kikipelekwa sayari gani. Uzito ni kani ambayo sayari inakivuta nayo, kwa nyutoni: tungamo mara mvutano wa mahali hapo. Nishati ni akiba, kwa jouli au kilowati-saa. Nguvu ni kasi ya kutumia akiba hiyo, kwa wati. Nishati ni maji yaliyomo kwenye simtank. Nguvu ni lita zinazotoka bombani kwa dakika. Mtaani tunasema "uzito wa kilo 50" na hakuna anayeumia, ila kwenye karatasi ya gari la Mirihi kauli hiyo ina gharama yake, kama itakavyoonekana kwenye breki.

Tani zote hizi ni za nani?

Tani ya kawaida ni kilo 1,000. Vitabu vya Kimarekani vikisema tani bila kufafanua, mara nyingi ni kilo 907. Tani ndefu ya Kiingereza ni kilo 1,016. Hizo tatu hazipishani kwa zaidi ya asilimia 12 hivi na mchezo hautakufa. Hatari iko kwenye tani za ujazo. Tani ya usajili wa meli za baharini ni futi za ujazo 100, yaani m³ 2.83. Tani ya shehena ni futi za ujazo 40, m³ 1.13. Kwa hiyo wazo la kuita nafasi "tani" halikuanzia kwenye michezo. Mabaharia wamelitumia kwa karne nyingi.

Tani ya Traveller imetokana na mafuta ya meli zake, hidrojeni ya kimiminika. Hidrojeni hiyo, kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, ina kilo 71 tu kwa kila meta ya ujazo. Gawanya 1,000 kwa 71: unapata 14.08. Ndiyo maana tani moja ya tangi la mafuta hubeba pia tani moja ya mizani ya hidrojeni, na hapo tu ndipo tani mbili hizo hukutana. Matoleo mengine hutumia 13.5, kwa sababu miraba ya ramani ya sitaha ni meta 1.5 kwa 1.5 na dari ya meta 3, na miraba miwili inatoa m³ 13.5. GURPS Traveller, toleo la mchezo huo kwa kanuni za GURPS, ilichukua futi za ujazo 500, ambazo ni 14.16. Chagua moja, iandike juu ya karatasi, usiibadilishe katikati. Tofauti kati ya 13.5 na 14.16 ni karibu asilimia 5. Kwenye meli ya tani 400 ni chumba kizima cha m³ 264 kinachotokea au kupotea bila maelezo.

Aliyewahi kuagiza mzigo kutoka China anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Kwa meli unalipia CBM (meta za ujazo), kwa ndege unalipia kilo, na mzigo mwepesi ulio mkubwa ndege huuhesabu kana kwamba kila CBM ina kilo 167. Tani ya hidrojeni ni mchezo uleule, ila kiwango chake ni kilo 71.

Kuna jambo moja la hidrojeni linalofaa kulijua hata kama mchezo wako hautumii Traveller. Meta ya ujazo ya maji ina hidrojeni kilo 112 ndani yake, zaidi ya kilo 71 za meta ya ujazo ya hidrojeni tupu ya kimiminika. Tangi la m³ 140 likijazwa hidrojeni lina tani 10. Likijazwa maji, lina hidrojeni tani 15.7, lakini tungamo zima ni tani 140. Mbuni anayehesabu ujazo peke yake atachagua maji na kushangilia. Anayehesabu tungamo ataona meli imekuwa nzito kwa tani 130 na injini haitoshi. Wote wawili wako sahihi kwenye daftari zao.

Vitu vya kulinganishia

Kabla ya kubuni chochote, jizoeshe na densiti ya vyombo halisi, yaani tungamo gawanya kwa ujazo wa sanduku linalokizunguka chombo.

Hiace ya kawaida, ile ya daladala na matatu, ina urefu wa meta 4.7, upana 1.7, kimo karibu 2: sanduku la m³ 16, zaidi kidogo ya tani moja ya Traveller. Ikiwa tupu ina kama tani 1.8. Densiti yake ni tani 0.11 kwa meta ya ujazo. Ikishajaa abiria na mizigo inakaribia 0.18. Kifaru cha M1 Abrams kina kama tani 60 ndani ya sanduku la m³ 70, densiti 0.85. Kontena la futi 20 kwa nje ni m³ 38, sawa na tani 2.7 za Traveller.

Kumbuka mstari wa 1.0. Chombo kilichozibwa chenye densiti chini ya 1 huelea majini, na chenye zaidi huzama. Nyambizi lazima iweze kuufikia mstari huo. Gari la wagunduzi lenye densiti 1.6 ni jiwe lenye siti, na lenye 0.04 ni puto. Namba hii moja hukamata makosa mengi kuliko ukaguzi wa mstari kwa mstari.

Mfano: gari la watu wanne kwenye sayari ya mchanga

Tumwite Kobe. Ni gari la magurudumu sita, limezibwa hewa, linaendeshwa kwenye sayari yenye mvutano wa Mirihi: meta 3.71 kwa sekunde ya mraba, badala ya 9.81 ya Dunia. Mchezo unataka watu wanne, mzigo wa tani 1.5, mwendo wa kilomita 15 kwa saa kwenye mchanga laini, na kilomita 100 kwa chaji moja.

Anza na sanduku, kwa sababu ujazo ndio usiobadilika sana baadaye. Urefu 6.0, upana 2.5, kimo 2.4: m³ 36. Kontena la futi 20 lililopunguzwa kidogo. Sasa toa unene wa kuta. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ni kubwa. Ukuta wa sentimita 10, pamoja na kizuia-baridi, unaacha ndani 5.8 kwa 2.3 kwa 2.2, yaani m³ 29.3. Kuta zimekula m³ 6.7, karibu asilimia 19 ya gari lote, kabla hujaweka hata siti. Chombo kikiwa kidogo zaidi, kuta hula sehemu kubwa zaidi. Ndiyo sababu gari dogo la watu wawili lenye deraya nene mara nyingi haliwezekani ingawa kwenye picha linapendeza.

Ndani gawanya hivi: watu wanne kwa m³ 4 kila mmoja, 16. Kijichumba cha kutokea nje, cha watu wawili waliovaa suti, 3. Mitambo ya hewa na maji 1.5. Mizigo 6. Vidhibiti vya mota 0.6. Jumla 27.1, zimebaki m³ 2.2 za betri, nyaya na mabomba. Usizijaze zote.

Sasa tungamo. Eneo la nje la sanduku ni m² 70.8. Bati la alumini la milimita 5 lina kilo 13.5 kwa meta ya mraba, na mbuni asiye na subira ataishia hapo. Asiishie. Ndani ya gari kuna hewa, nje karibu hakuna. Presha ya kilopaskali 50, ambayo ni nusu tu ya ile ya usawa wa bahari, ikisukuma paa la m² 15 inatoa kani ya kilonyutoni 750: sawa na kuweka tani 76 juu ya paa hapa Duniani, ila zinasukuma kwenda nje. Ukuta bapa utavimba kama mfuko wa maziwa uliochacha. Ama ufanye mwili kuwa mviringo kama tangi la lori la mafuta, ama uongeze mbavu nyingi za chuma. Kwa sanduku bapa tukadirie kilo 40 kwa meta ya mraba, mbavu na kizuia-baridi vikiwemo.

Karatasi ya tungamo, kwa kilo:

Mwili: 2,832
Magurudumu sita na mota zake, 120 kila moja: 720
Chesisi na sasipensheni: 600
Milango ya kijichumba: 250
Mitambo ya hewa na maji: 400
Chakula, maji na oksijeni, kilo 5 kwa mtu kwa siku, siku 14: 280
Watu na suti zao, 180 kila mmoja: 720
Mzigo: 1,500
Jumla bila betri: 7,302

Betri hatuwezi kuiandika bado, kwa kuwa ukubwa wake unategemea tungamo la gari, na tungamo la gari linaitegemea betri. Hapa ndipo wabuni wengi hukata tamaa na kuandika namba ya kubahatisha. Hakuna haja. Bahatisha mara moja, kisha zunguka.

Tuseme gari zima ni tani 9. Kani ya kubingirika kwenye mchanga laini ni tungamo mara mvutano mara kipimo cha ukinzani, ambacho kwa mchanga laini ni takriban 0.25 (barabara ya lami ni kama 0.015, ya vumbi iliyoshindiliwa kama 0.05). 9,000 × 3.71 × 0.25 = nyutoni 8,348. Kilomita 15 kwa saa ni meta 4.17 kwa sekunde. Zidisha: kilowati 34.8 kwenye magurudumu. Mota na gia hupoteza sehemu. Ukichukua ufanisi wa asilimia 80, betri inatoa kilowati 43.5. Ongeza kilowati 4 za hewa, joto, taa na kompyuta. Jumla 47.5.

Kilomita 100 kwa mwendo huo ni saa 6.67. Mara 47.5, ni kilowati-saa 317. Kwa betri za lithiamu zilizofungwa kwenye kasha, kadiria wati-saa 160 kwa kilo na 250 kwa lita. Kilo 1,980. Gari sasa si tani 9, ni tani 9.28. Rudia hesabu kwa 9.28: betri inakuwa kilo 2,037, gari 9.34. Rudia tena: kilo 2,047, gari 9.35. Imetulia. Kilowati-saa 328, ujazo wa betri m³ 1.3, na bado imebaki karibu m³ 0.9 ya nyaya.

Mizunguko mitatu ilitosha kwa sababu betri ni kama moja ya tano ya gari. Ukiona kila mzunguko unaongeza zaidi ya ule uliotangulia, simama: chombo hicho hakiwezekani kwa betri hiyo, na hakuna kiasi cha kuongeza kitakachokiokoa. Punguza umbali, mwendo au mzigo. Jaribu mwenyewe kwa kilomita 500 uone.

Densiti ya Kobe ni 9.35 gawanya kwa 36: 0.26. Iko kati ya Hiace iliyojaa na kifaru, mahali panapostahili. Pia inasema kitu cha mchezo: wachezaji wakimtumbukiza ziwani, ataelea huku robo tu ya mwili ikiwa majini, na magurudumu yake hayatagusa chochote.

Kila gurudumu linahitaji kilowati 6 tambarare, andika mota za kilowati 8. Mlima wa nyuzi 15 kwenye mchanga uleule, kwa meta 1.5 kwa sekunde, unataka kilowati 26 jumla, kwa hiyo mota zinatosha, mradi ashuke mwendo. Kuhusu kuzama mchangani: uzito wake kule ni kilonyutoni 34.7, na kama kila gurudumu linagusa ardhi kwa m² 0.2, presha ni kilopaskali 29. Mtu wa kilo 80 aliyesimama Duniani kwa miguu miwili hukandamiza karibu 20. Kobe hatatitia kirahisi.

Kwa kulinganisha na kitu kilichokwishaendeshwa kweli: gari la Apollo la mwezini lilikuwa na kilo 210, likabeba kilo 490, kwa mota nne za robo nguvu ya farasi kila moja na betri mbili za volti 36 zenye ampea-saa 121. Yaani nguvu isiyofika kilowati moja na akiba ya kilowati-saa 8.7. Halikuwa na kuta, na lilitembea kwa mvutano wa 1.62. Hewa ya kupumulia na ukuta wa kuizuia ndivyo vilivyomfanya Kobe awe mzito hivyo, si magurudumu.

Karatasi imekubali, gari limekataa

Sasa mkague Kobe kwa saa badala ya kilomita. Akisimama usiku, kilowati 4 za hewa na joto zinaendelea. Kwa siku ni kilowati-saa 96. Betri iliyojaa itaisha baada ya siku 3.4, na chakula tumepakia cha siku 14. Watu watakufa kwa baridi na hewa chafu wakiwa na akiba ya maharage ya siku kumi. Kosa hili halionekani kwenye daftari yoyote moja; linaonekana ukigawanya nishati kwa nguvu na kulinganisha na siku za chakula.

Paneli za jua? Juu ya angahewa ya Mirihi jua linatoa kama wati 590 kwa meta ya mraba, dhidi ya 1,361 za Dunia. Ukikadiria kwamba meta moja ya paneli inavuna kilowati-saa 0.6 kwa siku, kusimama tu kunataka m² 160. Paa la Kobe ni m² 15. Jenereta ya nyuklia kama ile ya Curiosity, gari la NASA lililopelekwa Mirihi, yenye kilo 45 na wati 110 ilipokuwa mpya? Utahitaji 37, kilo 1,665, na zote hizo ni za kupumua tu, hazisogezi gurudumu. Suluhisho la busara ni kupunguza chakula kiwe cha siku tatu, kuandika kwamba chaji ni ya kituoni, na kutumia asilimia 80 tu ya betri: kilomita 40 kwenda, 40 kurudi. Huo ni ufinyu mzuri kwa mchezo. Wachezaji wataanza kuhesabu wenyewe.

Ukimpa dizeli badala ya betri, ukumbuke kuwa lita moja ina karibu kilowati-saa 10 za joto, injini inageuza kama theluthi, na inahitaji oksijeni ambayo sayari haina. Oksijeni hiyo ni nzito mara tatu na zaidi ya dizeli yenyewe. Mbuni akisahau hilo, gari lake linapumua utupu.

Silaha, na pointi za nishati

Mpe Kobe leza ya kuchimbia miamba, jouli milioni moja kwa pigo, ufanisi asilimia 25. Kila pigo linavuta megajouli 4, ambazo ni kilowati-saa 1.11. Betri ina akiba ya mapigo 295. Mchezaji atataka kupiga yote 295 kwenye pambano moja. Lakini kama nyaya zinaweza kuipa leza kilowati 50, megajouli 4 zinajazwa kwa sekunde 80. Raundi ikiwa ya sekunde 6, ni pigo moja kila raundi 14. Akiba ipo tele. Bomba ndilo jembamba. Akitaka kupiga haraka, anunue kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme na kuutoa kwa ghafla), ziandikwe ujazo na tungamo lake, na joto la megajouli 3 linalobaki kila pigo litafutiwe pa kwenda.

Geuza daima nguvu ya chombo kuwa nishati kwa raundi na uiandike pembeni. Kilowati 50 kwa raundi ya sekunde 6 ni kilojouli 300. Kwa raundi ya dakika 20 ni megajouli 60. Mchezaji anakokotoa kwa raundi. Usimlazimishe kugawanya kwa 3,600 huku dadu ziko mkononi. Na kumbuka kilowati-saa moja ni megajouli 3.6, kwa kuwa wengi huandika "kilowati kwa saa", kipimo ambacho hakihusiani na kitu chochote hapa.

Michezo mingine huficha wati nyuma ya pointi. Kanuni za Striker za mwaka 1981, zilizounganisha magari ya ardhini na meli za Traveller, zililinganisha pointi moja ya nishati na megawati 250. Jina linasema nishati, kipimo ni nguvu. Ili upate picha: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Pointi moja ni zaidi kidogo ya mtambo mmoja wa Rufiji. Meli yenye pointi tisa inabeba bwawa zima na chenji. Kobe anahitaji 0.0002 ya pointi, na ndiyo maana usijaribu kuandika magari na meli kwa kipimo kimoja: upande mmoja utajaa sifuri.

Nguvu za farasi nazo ni mbili, wati 735.5 za kimetriki na 745.7 za Kiingereza. Tofauti ni ndogo. Geuza kuwa kilowati mara moja na usirudi.

Vyombo vinavyopaa

Chombo cha kupinga mvutano hakina fizikia ya kukikagua, lakini kina sakafu ambayo hata uchawi haupaswi kuipita. Kupandisha tani 10 kwa meta 50 kwa sekunde Duniani kunataka angalau megawati 4.9: tungamo mara mvutano mara mwendo wa kupanda. Ukiandika kilowati 200, chombo chako kinatengeneza nishati bure, na mchezaji mwerevu atakifunga kamba kwenye jenereta kikishuka na kuuza umeme. Kuelea bila kupanda unaweza kukupa nguvu yoyote unayotaka, hata sifuri. Ni uamuzi wa mchezo, uandike.

Roketi ni kali zaidi. Nguvu ya moshi wake ni nusu ya kani mara kasi ya moshi. Meli ya tungamo la tani 1,000 ikienda kwa mchapuko ulio sawa na mvutano wa Dunia inataka meganyutoni 9.8, moshi ukitoka kwa kilomita 10 kwa sekunde, hiyo ni gigawati 49, pointi 196 za Striker. Michezo mingi hunyamaza hapa na kutumia injini isiyo na moshi. Ni sawa, ilimradi usiweke injini hiyo na roketi ya kweli kwenye jedwali moja la bei.

Joto nalo lina namba. Bati la kutawanya joto angani, likiwa kwenye kelvini 1,000, hutoa kilowati 56.7 kwa meta ya mraba kwa upande mmoja. Megawati moja ya joto la ziada inataka m² 17.6. Likipozwa hadi kelvini 500 eneo linakuwa mara 16. Bati hilo halina ujazo mkubwa, kwa hiyo mbuni wa "tani" hulisahau. Lina eneo, na eneo halimo kwenye daftari yoyote kati ya tatu. Liandike pembeni ya michoro.

Breki

Sayari yenye mvutano mdogo hurahisisha kusukuma gari na kufanya kusimama kuwe kugumu. Uzito umepungua, tungamo halijapungua, na msuguano wa tairi unategemea uzito. Kwa kipimo cha msuguano 0.5, gari la kilomita 60 kwa saa husimama kwa meta 28 Duniani. Kwenye mvutano wa 3.71 linahitaji meta 75, hata kama breki ni mpya na dereva ni hodari. Kona pia hivyohivyo: kwa kona ileile, mwendo salama unashuka hadi kama asilimia 61 ya ule wa Duniani. Weka namba hizo mbili chini ya karatasi ya Kobe, karibu na mwendo wa juu, kwa sababu hapo ndipo jicho la mchezaji huenda kabla hajasema "nakanyaga mafuta".